Kifurushi cha Shule Njema, mwongozo wa wizara na Sauti 116: vifaa vitatu dhidi ya uonevu shuleni

Shule ya Uganda inayotaka kukomesha uonevu haikosi vifaa. Kuna kifurushi cha Shule Njema kilichotungwa na shirika la Raising Voices la Kampala. Kuna mwongozo wa Wizara ya Elimu na Michezo wa mwaka 2014 kuhusu kuripoti, kufuatilia, kutoa rufaa na kujibu visa vya ukatili dhidi ya watoto shuleni, ambao walimu wengi wanaujua kwa herufi zake nne tu za Kiingereza, RTRR. Na kuna namba ya simu 116, iitwayo Sauti, chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Vyote vitatu hupatikana bila kulipa. Kinachogharimu ni kuvitumia, na tathmini hii inahusu hasa gharama hiyo: kila kimoja kinaidai shule nini, kinairudishia nini, na hukwama wapi.

Tumevipima kwa swali moja. Mtoto akishasema, nini hutokea katika saa 24 zinazofuata? Kifaa kinachomfungua mtoto mdomo kisha kikamwacha hapo hapo ni hatari kuliko kutokuwa na kifaa chochote, maana aliyemwonea atapata habari kabla mwalimu hajachukua hatua, na usiku wataingia bweni moja.

Kifurushi cha Shule Njema

Hiki ndicho kizito kuliko vingine, kwa ubora na kwa mzigo. Kina hatua sita: kuunda timu, kuiandaa shule kwa mabadiliko, walimu na nidhamu isiyo ya kiboko, mazingira ya kujifunzia, uongozi wa shule pamoja na jamii inayoizunguka, na mwisho kupanga ya mbele. Ndani yake kuna shughuli zipatazo 60, vijitabu na mabango. Hakuna shule inayofanya shughuli zote 60, na hakuna haja.

Sifa yake kubwa ni kwamba kimepimwa sawasawa, jambo ambalo ni nadra kwa vifaa vya aina hii. Shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero ziligawanywa kwa kura, nusu zikakitumia kwa miezi 18 na nusu zikasubiri. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet Global Health. Watoto waliulizwa kama walipigwa au kuumizwa na wafanyakazi wa shule katika wiki iliyopita. Katika shule zilizosubiri, watoto 924 kati ya 1,899 walisema ndiyo, yaani asilimia 48.7. Katika shule zilizotumia kifurushi walikuwa 595 kati ya 1,921, asilimia 31.

Zisome namba hizo pande zote mbili. Kipigo kilipungua sana. Lakini hata baada ya mwaka mmoja na nusu wa kazi iliyosimamiwa vizuri, karibu mtoto mmoja kati ya watatu alikuwa bado amepigwa ndani ya siku saba. Kisha angalia namba hizo zinapima nini: ni mkono wa mtu mzima, si wa mwanafunzi mwenzake. Anayekuuzia kifurushi hiki kama dawa ya uonevu kati ya wanafunzi anakipa sifa ambayo namba hizo haziionyeshi. Hoja ya kukitumia ipo hata hivyo, na ina nguvu: prefekti anayempiga mtoto wa S1 (mwaka wa kwanza wa sekondari) kwa kigongo cha ufagio hakujifunza hilo nje ya shule. Mahali ambapo mwalimu anapiga, kumkataza mwanafunzi asipige ni kazi bure. Tena sheria iko wazi. Marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yanakataza adhabu ya viboko katika taasisi yoyote ya elimu, na anayekiuka anaweza kufungwa hadi miaka mitatu, au kutozwa faini ya hadi pointi 100 za sarafu, ambazo ni shilingi milioni mbili, au vyote viwili.

Ripoti ya jaribio la Luwero ina namba nyingine ambayo watu huiruka: watoto 434 walilazimika kupelekwa kwa huduma za ulinzi wa mtoto kutokana na waliyoyasema walipokuwa wakihojiwa mwishoni. Waliulizwa vizuri, wakasema. Shule inayofikiria kuanza kuuliza ijiandae kwa hilo kwanza.

Kuhusu gharama, kukipakua ni bure, lakini usaidizi wa kukiendesha katika shule zile za majaribio ulikadiriwa kuwa yapata dola 15 za Marekani kwa mwanafunzi kwa mwaka. Shule ya watoto 600 ifanye hesabu yake. Shule isiyo na mfadhili itakitumia nusunusu, na hilo si baya mradi ijue nusu ipi ya kuchukua.

Makosa huanza hatua ya kwanza kabisa. Mkuu wa shule aliyebanwa na muda humteua mwalimu wa nidhamu, kaka mkuu na dada mkuu, na kazi imeharibika kabla haijaanza, kwa kuwa mara nyingi hao ndio wenye fimbo. Piga kura ya siri. Kila mwanafunzi aandike jina la mtu mzima mmoja na la mwanafunzi mmoja ambao angewaendea akiwa na shida. Kura zihesabiwe na mtu wa nje, kwa mfano mjumbe wa kamati ya shule ambaye hana mtoto pale. Usishangae akitokea mpishi, nesi au mlinzi wa getini. Mwingize kwenye timu hata kama kijitabu hakimtaji.

Hatua ya pili inataka shule ijipime kabla ya kuanza. Dodoso likijazwa darasani huku mwalimu wa darasa akitembea katikati ya madawati, likusanye ukawashie jiko. Bila majina, bila mwalimu wa darasa, bahasha moja kwa kila darasa, na ifungwe mbele ya watoto wenyewe.

Hatua ya tatu, ya nidhamu, ndiyo tunayoipa alama za juu zaidi, ila ina mtego wake. Kiboko kikitoka, nafasi yake huchukuliwa na kupiga magoti juani, kufyeka uwanja saa ya somo, au kusafisha vyoo peke yako wenzako wakikucheka. Hiyo ni fedheha ile ile kwa jina jipya, na kwa habari ya uonevu ni mbaya zaidi, maana humwonyesha kila mtu nani wa kuchekwa. Adhabu ifungamane na kosa: aliyechana daftari la mwenzake ananunua jingine na kunakili upya kurasa zilizopotea. Na walimu wenye watoto 90 darasani wapewe mbinu zinazowezekana kwa watoto 90, si zile za mkufunzi mwenye washiriki 20 hotelini.

Mahakama ya wanafunzi, ambayo kifurushi kinaipendekeza, tungeiwekea uzio. Ishughulikie uchelewaji, uchafu na vurugu za foleni. Isiguse uonevu kamwe. Mtoto aliyeonewa hatasimama mbele ya wenzake kumshtaki mwenye nguvu, na akisimama, mahakama yenyewe imemwonea mara ya pili.

Sanduku la maoni, kwa urefu, kwa sababu linaharibiwa sana

Karibu kila shule iliyopitiwa na mradi fulani ina sanduku lililopigiliwa ukutani nje ya ofisi ya mkuu. Ukilitikisa, utasikia pipi na vumbi. Sababu zinajulikana.

Mahali pake ni pabaya. Anayetumbukiza karatasi huonekana na ofisi nzima. Liweke panapopitwa na kila mtu kwa sababu nyingine: karibu na tangi la maji, njia ya kwenda chooni, mlango wa maktaba. Shule ya bweni iwe na mawili, moja upande wa wasichana na jingine upande wa wavulana.

Hata liwekwe wapi, mtoto anayeandika huku wenzake hawaandiki hujulikana. Dawa ni kuwaandikisha wote. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, kila mwanafunzi apewe robo ya karatasi, aikunje mara mbili na kuitumbukiza, awe na la kusema au hana. Asiye na la kusema achore ua. Wanafunzi 400 wanahitaji karatasi 100 kwa wiki, yaani rimu mbili na ushei kwa muhula wa wiki 12. Mwandiko nao hutambulika, basi karatasi iwe na maswali ya kuwekea alama tu: wapi, wakati gani, anayeumizwa yuko darasa gani, ni mara ya kwanza au inarudiwa. Mstari mmoja uachwe wazi kwa anayetaka kuandika.

Sanduku liwe na kufuli mbili tofauti. Ufunguo mmoja ukae kwa mwalimu mlezi wa kike au wa kiume, wale tunaowaita sinia wumani na sinia meni, na mwingine kwa mtu asiye mwalimu, kama mjumbe wa kamati au nesi. Lifunguliwe siku hiyo hiyo ya Ijumaa, si Jumatatu. Wikiendi ni siku mbili na nusu za bweni bila masomo, na ndipo mambo hutokea.

Kisha shule ijibu. Hapa ndipo masanduku mengi hufa. Mtoto akiandika mara mbili bila kuona mabadiliko, haandiki tena. Si lazima jibu limtaje mtu. Bandika ubaoni kila Jumatano: „Wiki hii tulipata taarifa kuhusu foleni ya maji ya jioni. Kuanzia leo mwalimu wa zamu atakuwa hapo saa kumi na moja hadi kumi na mbili.” Inatosha kumwonyesha aliyeandika kwamba karatasi yake ilisomwa.

Usilisome sanduku paredi. Usiwalinganishie watoto miandiko ili umpate aliyeandika. Inasikitisha kwamba hilo linahitaji kuandikwa.

Bweni, ambako kifurushi hakifiki vizuri

Jaribio la Luwero lilikuwa la shule za msingi, na kifurushi chenyewe kimejengwa juu ya saa za mchana: darasa, uwanja, paredi. Uonevu wa sekondari za bweni huanza prepu, yaani masomo ya jioni ya kujisomea, ikiisha na huendelea hadi kengele ya asubuhi. Wanaoubeba zaidi ni S1 wapya na wanaohamia S5, hasa wiki tatu za kwanza za muhula. Wenye shule huuita utani wa kuwakaribisha wageni. Mgeni analala chini ya kitanda cha ghorofa, anafua nguo za mkubwa, anateka jerikeni mbili kabla ya alfajiri, na grabu yake, yaani vyakula alivyobeba kutoka nyumbani, inaisha siku ya tatu ingawa alikuja na kilo mbili za sukari.

Kwa hiyo shule ya bweni iongeze yake. S1 walale pamoja, na watu wazima ndio wapange vitanda na kubandika orodha mlangoni kabla watoto hawajafika, si prefekti siku ya kuripoti. Kila sanduku la mgeni liorodheshwe kwa nakala mbili, moja ya matroni na moja ya mzazi, sukari na sabuni zikiwemo. Matroni akague tena baada ya wiki moja: mtoto ambaye sabuni yake ya mwezi imekwisha kwa siku saba aulizwe faraghani, kwa upole, nani mwingine anaitumia. Ni njia rahisi ya kuuona uonevu bila mtu yeyote kushtaki.

Doria za usiku zisiwe na saa maalum. Matroni anayepita kila siku saa nne na saa kumi anawapa waonevu ratiba. Apite saa nne leo, saa saba kesho, mara mbili mfululizo keshokutwa, na aingie hadi kona ya mwisho na bafuni. Mtu mzima mmoja kwa watoto 150 hawezi kazi hii, na hakuna kifurushi kitakachoziba pengo hilo. Shule iajiri.

Prefekti abaki na kazi ya kutoa taarifa, anyang'anywe ya kuadhibu. Hapa upinzani huwa mkali, kwa sababu shule nyingi huendesha mabweni kwa mikono ya prefekti ili kuokoa mishahara. Atakayeuliza „sasa nani atawanyoosha?” amekwisha kukujibu kwa nini uonevu haukomi.

Kuna zoezi moja linalofaa msingi na sekondari: ramani ya hofu. Wanafunzi wachore shule nzima kwenye karatasi ya manila, vyoo, jiko, tangi, mabweni, njia ya nyuma. Kila mmoja apewe maharage matatu ayaweke mahali asipopenda kupita peke yake, kisha aseme ni saa ngapi. Wasichana na wavulana wafanye mbali mbali, wa kutwa na wa bweni mbali mbali, kwa kuwa ramani zao hazifanani: watoto wa kutwa wataweka maharage nje ya geti, kwenye stendi ya boda na njia ya kurudi nyumbani. Panapokusanya maharage mengi apangwe mtu mzima wa kusimama dakika 20 katika saa iliyotajwa, au pawekwe taa. Zoezi huchukua vipindi viwili. Lirudieni kila muhula, kwa sababu uonevu huhama.

Mwongozo wa wizara

RTRR si kitu cha kupendeza kusoma. Ni hati ya ofisi, na nakala yake katika shule nyingi iko kabatini chini ya ripoti za mitihani. Lakini kwa kipimo chetu cha saa 24 ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa inamtaka mtu aandike, afuatilie, na ampeleke mtoto anapostahili kupelekwa.

Udhaifu wake ni kwamba mwalimu wa zamu mwenye mtoto analia mbele yake hana nafasi ya kufungua hati. Inafaa shule iifupishe iwe ukurasa mmoja uliobandikwa ofisi ya walimu, ukianza na kupambanua mambo matatu. Ugomvi ni wa wenye nguvu sawa, na hapo kupatanisha kunafaa. Uonevu hurudiwa, ni wa makusudi, na mmoja ana nguvu kuliko mwenzake, iwe kwa mwili, kwa umri, kwa cheo au kwa wingi wa marafiki. Hapo kupatanisha kunadhuru: ukiwaketisha pamoja na kuwashikanisha mikono, mwenye nguvu ataomba radhi vizuri kuliko yeyote, na jioni mwenzake atalipishwa. La tatu ni jinai, kama kuumiza mwili, kuchoma, kudai fedha kwa vitisho na kosa lolote la kingono, ambalo shule haina mamlaka ya kulimaliza ndani.

Mtoto akija, asikilizwe na mtu mmoja, mara moja. Kosa la kawaida ni mtoto kusimulia kwa mwalimu wa zamu, kisha kwa sinia wumani, kisha kwa naibu, kisha kwa mkuu, na kila mara hadithi inabadilika kidogo hadi anaambiwa mwongo. Aulizwe maswali yaliyo wazi: nini kilitokea, halafu ikawaje, nani mwingine alikuwepo. Asiulizwe „kwa nini hukupiga kelele”. Asiahidiwe siri, maana huwezi kuitunza. Aahidiwe kwamba wataambiwa wanaohusika tu, na atajiwe nao ni nani. Yaandikwe maneno yake mwenyewe, kwa lugha yake mwenyewe, hata yakiwa machafu.

Kabla ya usiku, wawili hao watenganishwe, na anayehama ni mwonevu. Shule nyingi humhamisha aliyeonewa kwa nia njema ya kumlinda, na bweni zima husoma ujumbe kwamba kusema kunakufukuzisha kitandani.

Kitabu cha kumbukumbu kiwe na safu saba: tarehe na saa, aliyepokea, maneno ya mtoto, hatua ya siku hiyo, aliyepewa rufaa, tarehe ya kumwangalia mtoto tena, na matokeo. Safu ya sita ndiyo huachwa tupu. Mtoto aangaliwe tena baada ya siku 2, siku 7 na siku 30. Waonevu wenye akili hungoja wiki moja.

Kwa makosa ya kingono kuna saa ambazo hazirudi. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na humezwa kwa siku 28. Mtoto apelekwe kituo cha afya kwanza, polisi baadaye au sambamba. Matibabu hayasubiri karatasi ya polisi. Asiogeshwe. Nguo zake ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, si kwenye kaveera (mfuko wa plastiki), kwani unyevu ukifungiwa huharibu ushahidi. Daktari atajaza fomu ya polisi namba 3A, na kesi itashikwa na Kitengo cha Ulinzi wa Mtoto na Familia. Wazazi wa pande mbili wasiketishwe ofisini kwa mkuu kuzungumzia fidia. Kama aliyetenda ana umri chini ya miaka 12, hawezi kushtakiwa kwa jinai Uganda, lakini hilo halimaanishi kwamba faili linafungwa: ni kazi ya afisa wa probesheni na ustawi wa jamii wa wilaya.

Kumfukuza mwonevu wiki mbili ndilo jibu linalopendwa, na ni jibu hafifu. Hukaa nyumbani akitazama televisheni, hurudi shujaa. Likitumika, liambatane na mpango wa kurudi: kikao na mzazi, kulipa alichoharibu, kuvuliwa cheo, kitanda karibu na chumba cha matroni, na mtu mzima wa kuonana naye kila wiki hadi mwisho wa muhula.

Sauti 116

Laini hii ipo tangu 2014, kupiga ni bure, na kwa mtoto wa kutwa mwenye simu ya mzazi karibu ni msaada wa kweli, hasa anayeonewa na mwalimu au na jamaa wa mkuu wa shule, ambaye ndani ya shule hana pa kwenda. Anayepokea husikiliza, huandika, na huweza kulifikisha suala kwa maafisa wa wilaya.

Kasoro yake haiko kwenye laini bali kwenye bweni: simu zimepigwa marufuku. Bango la 116 ukutani mwa shule ambayo mtoto haruhusiwi kugusa simu ni pambo. Zipo shule zinazosema mtoto aombe simu ya matroni, na huko ni kumtaka aeleze shida yake kwanza ili aruhusiwe kueleza shida yake. Inayofaa ni simu ya batani, ya bei nafuu, ikae kwa nesi au maktaba, mtoto aitumie bila kuulizwa anampigia nani, na pasiwe na daftari la majina. Fundi aifunge isipige namba nyingine ila 116 na namba chache za shule, na hofu ya muda wa maongezi kuliwa itakwisha.

Anayepiga awe na mambo haya tayari: wilaya, jina la shule, darasa la mtoto, kilichotokea na lini, kama mtoto yuko na mwonevu usiku huu, na saa gani ni salama kupigiwa. Aseme mwanzoni kabisa anataka kuzungumza kwa lugha gani. Mwishoni aombe namba ya kumbukumbu na jina la ofisi itakayofuatilia. Asipoiomba, kupiga tena baada ya wiki ni kuanza upya.

Mwendo wa suala wilayani ndio wenye mashaka. Afisa wa probesheni mmoja huhudumia wilaya nzima, na pikipiki isiyo na mafuta haifiki shule iliyo kilomita 40. Shule au mzazi asikae akingoja. Apige 116, na siku hiyo hiyo aandikie kituo cha polisi cha karibu na afisa maendeleo ya jamii wa tarafa.

Kwenye makazi ya wakimbizi

Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali kuna watoto wengi kutoka Kongo ambao Kiswahili ndicho wanachokimudu, na hakuna kati ya vifaa hivi vitatu kilichowafikiria kwanza. Mtoto wa miaka 15 hurudishwa P4, yaani darasa la nne la msingi, kwa sababu ya Kiingereza, akaketi na wa miaka 10. Hapo uonevu huenda pande mbili: mkubwa huonea kwa mwili, wadogo humwonea kwa kicheko. Timu ya shule iwe na angalau mtu mzima mmoja anayesikia Kiswahili vizuri, karatasi za sanduku zichapishwe kwa lugha mbili, na mkalimani asiwe mwanafunzi. Mtoto mwenzake anayetafsiri malalamiko huyabeba hadi nyumbani.

Likizo

Muhula ukifungwa, uonevu huingia WhatsApp. Vifaa vyote vitatu viko nyuma hapa. Mtoto asifute chochote. Apige picha ya skrini inayoonyesha namba ya mtumaji, tarehe na saa, kisha ndipo amzuie. Ila picha ya utupu ya mtoto isinakiliwe wala kusambazwa hata kwa mwalimu „kama ushahidi”. Simu yenyewe ipelekwe polisi kama ilivyo.

Nani achukue nini

Shule ya msingi ya kutwa yenye fedha kidogo ichukue hatua ya tatu ya kifurushi, ramani ya hofu, na ukurasa mmoja wa RTRR. Sekondari ya bweni ianze na vitanda, prefekti na matroni, iweke simu ya 116, na kifurushi kifuate mwaka unaofuata. Sanduku liwe la mwisho kupigiliwa ukutani, baada ya kitabu cha kumbukumbu kupata mwenyewe.

Wapo pia washauri wanaouza semina ya siku moja kuhusu uonevu, na barua zao huingia shuleni kila mwanzo wa muhula. Waulize watarudi lini baada ya semina, nani atafundishwa kupokea mtoto aliyesema, na kama wafanyakazi wasio walimu wamo kwenye ada. Wakijibu kwa cheti cha kushiriki, fedha hiyo inatosha balbu za sola za njia ya vyoo.